Tripodi inazama kwenye theluji, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Napenda kupiga picha za nyota, na siku hizi napigia kwenye theluji. Shida ni tripodi, ile stendi ya miguu mitatu ya kamera. Naisimamisha vizuri, kipovu cha pimamaji kiko katikati kabisa, nikirudi baada ya dakika kumi mguu mmoja umeshazama na nyota zimelala upande. Nimeona kuna viatu vya theluji vya tripodi vinauzwa lakini rafiki yangu anasema nikate tu visahani vya plastiki nifunge mwenyewe. Vinasaidia kweli? Na viwe na ukubwa gani?

JIBU: Salama ndugu yangu. Vinasaidia sana, na rafiki yako hajakudanganya, ila upana wa sahani ni nusu tu ya kazi na watu wengi wanaishia hapo halafu wanalalamika.

Tuanze na hesabu. Tuseme kamera na tripodi yako pamoja ni kilo 4, na ile raba ya chini ya kila mguu ina upana wa sentimita 2.5. Raba tatu zote zikijumlishwa zinakanyaga kama sentimita 15 za mraba hivi, yaani karibu gramu 270 kwa kila sentimita moja ya mraba, theluji laini haiwezi kubeba hiyo. Weka sahani ya sentimita 10 uzito unashuka mpaka gramu 17. Umeongeza upana mara nne tu lakini mzigo umepungua mara 16. Kwa hiyo sentimita 10 ni pazuri pa kuanzia, na kama theluji ni ile ya unga mpya nenda hata 15, zaidi ya hapo sahani zinaanza kugongana ukikunja miguu na kubeba inakuwa kero.

Sasa kile ambacho rafiki yako hakukuambia. Mguu wa tripodi hausimami wima, umeinama kama digrii 20 na kitu, kwa hiyo ukifunga sahani ikakaza kabisa haitalala juu ya theluji, itaingia kwa ukingo kama jembe na utazama vilevile. Sahani lazima icheze. Mimi nafanya hivi: nafungua ile raba ya chini (tripodi nyingi inafunguka kwa kuzungusha, na bolti yake mara nyingi ni inchi 3/8, zingine inchi 1/4 au milimita 8, pima kabla hujanunua chochote), naweka bolti ndefu zaidi ya meno hayohayo, halafu tundu la sahani nalitoboa pana kuliko bolti, kwa bolti ya 3/8 tundu la milimita 14 linatosha. Juu na chini ya sahani naweka washa (kipete bapa cha bolti) pana ya chuma na washa nene ya raba, mwisho nati ile yenye plastiki ndani ambayo haijifungui yenyewe, na siikazi mpaka mwisho. Ukiitikisa kwa kidole inayumba kama kifuniko cha sufuria kisichokaa sawa, ndivyo inavyotakiwa.

Plastiki nayo si yoyote. Ubao mweupe wa kukatia mboga, ule unaopinda kidogo ukiukunja, ni mzuri sana kwa sababu hauwi mkavu wa kuvunjika kwenye baridi, lakini ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo itapasuka siku ya kwanza tu. Plaiwudi sawa, ila ipake vanishi hata kwenye kingo. Supa gluu sahau, na zile kamba za plastiki za kufungia waya zikipigwa na baridi kali zinakatika zenyewe. Halafu toboa matundu madogo manne matano kwenye kila sahani, bila hivyo theluji yenye majimaji inainyonya na utaing'oa kwa shida. Usipake rangi nyeusi, jua likitoka inapata joto na kuyeyusha theluji chini yake.

Sahani zikishafungwa bado kuna tabia mbili tatu. Usitoe tripodi kwenye chumba cha joto ukaisimamisha palepale. Nilifanya hivyo mwaka wa kwanza, sahani zikayeyusha theluji zikazama kidogo kidogo halafu zikaganda, nikaishia kuzichimbua kwa ufunguo huku vidole vimekufa ganzi. Iache nje kwanza ipoe. Kanyaga pale utakaposimamisha kwa mabuti, theluji ishikane, halafu subiri kama robo saa maana theluji iliyokanyagwa ikiachwa inakuwa ngumu yenyewe. Na wewe ukishaanza kupiga simama mbali kidogo na miguu ya tripodi, ukihamisha uzito wako kutoka mguu mmoja kwenda mwingine theluji inatikisika na mguu wa tripodi ulio karibu unashuka.

La muhimu kuliko yote, usipanue miguu mpaka mwisho kisha ukaigandamiza kwa nguvu ishuke. Ikishuka inasukumwa itanuke zaidi na haina pa kwenda, mzigo wote unakuja kwenye nyonga, pale juu inapokutana. Tripodi yangu ya zamani ilipasukia hapo, nilisikia tu kah! Ifungue nusu, isukume chini taratibu, ipanuke yenyewe. Pia refusha kipande cha chini kabisa hata kama huhitaji urefu, ili kufuli yake ibaki juu ya theluji, maji yakiingia humo yakaganda hutaikunja mpaka urudi ndani.

SWALI: Naulizia kwenye barafu ya ziwa, hizo sahani zinafaa? Au nifunge misumari?

JIBU: Kwenye barafu tupu sahani ni balaa, zinateleza kama sabuni, na raba ya kawaida nayo ikiwa ngumu kwa baridi haishiki. Hapo funga ncha za chuma, bonyeza kidogo ziume. Kama juu ya barafu kuna theluji ya kifundo cha mguu, fagia mpaka uione barafu kisha tumia ncha. Ila wakati wa kubeba zivalishe kitu, nimeshatoboa begi mbili na koti moja.