Maswali ya Wasomaji: Muhtasari wa Mazingira kwa Kiswahili

SWALI: Ofisi yetu inaandaa ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira ya gati katika delta ya Rufiji. Muhtasari una maneno kama 5,000 ya Kiingereza na zimebaki siku 3. Je, tuupitishe kwenye programu ya kutafsiri, kisha mmoja wetu asahihishe? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Hapana. Kanuni za tathmini za mwaka 2005 zinataka muhtasari usio wa kitaalamu, kwa Kiswahili na Kiingereza, na wa Kiswahili ndio mwanakijiji atakaoushika mkononi.

Chukueni bamvua, yaani kipindi ambacho bahari hujaa na kupwa kupita kawaida. Kiingereza huliita kwa neno lilelile la majira ya machipuko, na programu huweza kuandika “mawimbi ya machipuko”. Mvuvi aliyekua akihesabu bamvua na maji mafu (kipindi ambacho bahari hujaa na kupwa kidogo) hataambulia kitu, na sentensi hiyo ndiyo ilipaswa kumwonyesha maji yatafika wapi.

Mikoko nayo ina mtego. Neno hilo hubeba miti yote ya jamii hiyo, lakini mkoko pia ni mti mmoja, Rhizophora mucronata. Jedwali likisema “mkoko, hekta 4”, ni upi utakaofyekwa? Kila jina lifuatwe na la kisayansi: mchu (Avicennia marina), mkandaa (Ceriops tagal), mlilana (Sonneratia alba). Majina hutofautiana pwani hadi pwani, kwa hiyo waulizeni wakata miti wa hapohapo kabla ya kutafsiri, si baada.

Angalieni pia “athari” na “madhara”. Athari huweza kuwa njema au mbaya. Madhara ni mabaya tu. Mkiyachanganya, ajira zitakazoletwa na gati zitaorodheshwa kama madhara.

Siku 3 hazitoshi. Mfasiri mzuri wa kitaalamu humaliza maneno 2,000 hadi 2,500 kwa siku, hivyo ombeni 5: mbili au tatu za kutafsiri, moja ya mtu wa pili kulinganisha na asili mstari kwa mstari, hasa tarakimu na vizio, na moja ya kuwasomea kwa sauti wavuvi wawili watatu. Mpeni mfasiri ripoti nzima pamoja na ramani. Vifupisho vya muhtasari hufafanuliwa humo. Maelezo ya ramani yatafsiriwe pia, maana ndiyo husahaulika zaidi. Kwenye tangazo la mkutano, 10:00 ya asubuhi iandikwe saa 4 asubuhi.