Mwanangu, kuhusu kuacha utafiti uingie wizarani

Mwanangu, marahaba. Meseji yako nimeisoma mara tatu, ile ya kuuliza "baba, mtu aliyesomea uchumi wa kilimo akiingia serikalini si ndo elimu yake inaishia hapo, anabaki kukata utepe na kusoma hotuba?" Juzi kwenye simu sikukujibu maana hilo si swali la kujibu haraka haraka, nikaona bora nikae niandike.

Mi nikikuwaza wewe namkumbuka Akinwumi Adesina wa Nigeria, yule wa tai ya kipepeo. Kazaliwa Ibadan mwaka 1960, baba yake na babu yake walikuwa wanalima mashamba ya watu. Akasoma uchumi wa kilimo kwao, akaenda chuo kikuu cha Purdue kule Marekani akachukua udaktari 1988, halafu akarudi akawa mtafiti miaka kibao, mambo ya mpunga Afrika Magharibi, yaani maisha yako hayo hayo ya kuuliza wakulima maswali na kurudi kwenye kompyuta. Mwaka 2011 Rais Goodluck Jonathan akampa wizara ya kilimo.

Sasa angalia alichokikuta. Karibu miaka 40 serikali ndo ilikuwa inanunua mbolea na kuigawa, na yeye mwenyewe alisema ile ya ruzuku ilikuwa inawafikia kama asilimia 11 tu ya wakulima. Mtu mwingine hapo angeomba bajeti iongezwe. Yeye akauliza mbolea inapita mikono ya nani kabla haijamfikia mkulima, na hilo mwanangu ndo swali mlilofundishwa darasani! Ndani ya siku 90 akaitoa serikali kwenye kununua na kugawa. Wakulima wakaandikishwa, vocha ikawa inaingia kwenye simu, hata simu ya kubofya, mtu anaenda dukani kwa muuza pembejeo analipa nusu ya bei ya mbolea, nusu inalipwa na serikali. Kwa takwimu za wizara yake walifikiwa wakulima zaidi ya milioni 14.

Unajua kwa nini hili linanigusa. Ule mwaka ulioingia sekondari mbolea ya ruzuku ilitufikia mahindi yameshatoa mbelewele, na mfuko wetu ulikuwa umeshonwa juu kwa uzi wa bluu wakati mingine yote uzi mweupe. Mama yako akaunyanyua kidogo tu akasema huu umefunguliwa. Tukaumwaga kwenye turubai, humo ndani chumvi ya mawe imechanganywa. Nilienda kulalamika nikaambiwa nimeshasaini kwamba nimepokea. Kwenye kitabu cha yule bwana aliyekuwa anatugawia mbolea mi nilikuwa mkulima aliyesaidiwa, na naamini hata huko juu nilihesabiwa hivyo. Ndo maana nikisikia msomi anayejua hesabu inavyodanganywa kakaa kwenye kile kiti, roho yangu inatulia.

Sikufichi, kuna gharama. Adesina alipigwa vita sana na waliokuwa wanakula kwenye ile biashara. Na baadaye akiwa rais wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, alikokaa 2015 mpaka 2025, mwaka 2020 akatuhumiwa upendeleo na matumizi mabaya, kamati ya maadili ikamsafisha, Marekani wakasema haitoshi, ikaundwa jopo huru chini ya Mary Robinson aliyewahi kuwa rais wa Ireland, nalo likamsafisha, ndo akachaguliwa tena. Fikiria ile miezi yote familia yake inasoma magazeti. Na wewe jina lako litapita midomoni mwa watu hujawahi hata kuwaona, jiandae kwa hilo kuliko kazi yenyewe.

Kwa hiyo nenda mwanangu, baba yako nimesema nenda. Ila wiki ya kwanza usikae kwenye kiti, omba gari ufuate mfuko mmoja wa mbolea kutoka bandarini mpaka kwa mkulima, uandike kila mkono unaoushika, na ofisi ya utafiti usiage kwa ugomvi, utawahitaji wale wakuambie ukweli wakati wengine wote wanakupigia makofi.

Ule mfuko wa uzi wa bluu bado upo store, mama yako anawekea magunzi. Ukija utayamwaga pembeni, uende nao.

Baba yako.