Mwanga alipita au mwanga ulipita? Swali la askari wa Jinja

SWALI: Mwalimu habari. Mimi ni askari wa usiku hapa Jinja, nalinda stoo moja karibu na ziwa. Juzi kama saa tisa usiku nikaona kitu kinawaka huko juu, kikapita mbio kikapotea, haikufika hata dakika. Nikaandika kwa kitabu cha matukio: "mwanga alipita juu ya stoo akatoweka". Asubuhi supavaiza, mzee fulani aliyekuwa jeshini, alicheka mpaka akakaa chini, ati nimeandika nimeona mchawi. Mwenzangu anasema ningeandika nyota imeanguka, mwingine anasema kimondo, kijana wa geti anasema hiyo ni UFO. Sasa niandike nini?

JIBU: Afande pole na kazi. Supavaiza wako amecheka lakini hajakuonea, maana Kiswahili kina mwanga wa aina mbili na wewe umemshika yule mbaya. Mwanga wa kwanza ni huu wa taa, wa jua, wa mwezi, huo unaenda na u-, wingi wake mianga: mwanga ulipita, mwanga umezimika. Wa pili ni mtu, yule anayeamka usiku akavua nguo akaenda kuwanga kwenye milango ya wenzake, wingi wake wanga, kwa Luganda ndo huyo wanamwita omusezi. Huyo kwa kuwa ni binadamu anachukua a-: mwanga alipita, mwanga akatoweka. Sasa wewe umeandika alipita, ukaongeza akatoweka, tena saa tisa usiku, tena juu ya stoo, bannange, mtu wa Mombasa akisoma hapo anafunga dirisha.

Najua ilikotoka hiyo a-. Huku kwetu tunaipachika kila mahali, gari amefika, simu amelia, umeme ameenda, na sokoni haina shida yoyote, muuzaji ameelewa na viazi vyako umepewa. Mimi sio wale wa kusimamisha watu barabarani kuwasahihisha ngeli. Lakini kuna maneno machache ambayo ukibadilisha kiambishi umebadilisha jambo lenyewe, na askari anayeandika ripoti lazima ayajue. Chukua ndege: ukiandika ndege alipita, huyo ana manyoya, labda korongo. Ukiandika ndege ilipita, hiyo imetoka Entebbe. Herufi moja tu.

Ila sasa nikwambie kitu ambacho supavaiza hajakwambia: kati ya maneno yote mliyobishania, lako ndo zuri kuliko yote. Ulichoona ni mwanga. Si ndio? Hukuona jiwe, hukuona nyota, hukuona chombo, uliona mwanga unapita kisha hauko. Hayo mengine yote tayari ni hukumu, yaani mtu ameshaamua ilikuwa nini kabla ya kuuliza hata swali moja.

Nyota imeanguka, mfano. Watu wamesema hivyo tangu zamani na kwenye maongezi sikatazi, lakini nyota haianguki, hata ile ya karibu zaidi ukiacha jua iko mbali mpaka mwanga wake unatumia zaidi ya miaka minne kutufikia, hiyo haiwezi kudondoka Jinja bila sisi wote kwisha. Na kuna wanaochanganya na nyota yenye mkia, hiyo ni kometi, inakaa angani siku nyingi hata wiki, wala huioni ikikimbia.

Kimondo ndo neno lenyewe la kitaalamu na pia la mtaani, na waliokushauri hilo hawako mbali. Ni kipande cha jiwe au chuma kutoka angani, mara nyingi kidogo sana, kinaingia kwenye hewa yetu kwa mwendo wa kilomita zaidi ya kumi kwa sekunde, kinawaka huko juu kilomita 80 au 100 hivi, na kwa kawaida kinakwisha hukohuko. Kiswahili hakitenganishi, ule mwali unaopita tunauita kimondo na jiwe likifika chini bado tunaliita kimondo, ndo maana Watanzania wana Kimondo cha Mbozi ambacho ni pande la chuma la tani nyingi limelala chini hapo na hakiendi popote. Wewe Jinja unaweza kuenda karibu zaidi: tarehe 14 Agosti 1992, tena mchana kweupe, mawe yalimwagika Mbale na vijiji vyake, watu wakasikia mlio mkubwa kabla hayajafika, na mvulana mmoja akagongwa kichwani na kipande cha gramu kama tatu na nusu, bahati yake kilikuwa kimeshapunguzwa nguvu na majani ya mgomba. Hapo hakuna ubishi, waliokota, walipima, kwa hiyo kuandika kimondo ni haki. Wewe hujaokota kitu.

Lakini tuchunguze kidogo, maana naona ndani ya swali lako kuna ushahidi hata bila kuokota. Umesema saa tisa usiku. Setilaiti haina taa yake, tunaiona kwa sababu jua linaipiga kule juu wakati sisi huku chini tumeshaingia gizani, kwa hiyo hizi zinazopita karibu, kama kile kituo cha anga wanachoishi watu au zile za Starlink zinazofuatana msururu, unazipata jioni baada ya giza kuingia au alfajiri kabla ya kucha. Saa tisa usiku na zenyewe ziko kwenye kivuli cha dunia. Alafu setilaiti inatembea taratibu, dakika kadhaa inavuka anga, haipiti mbio. Ndege nayo ina taa nyekundu na kijani na nyingine inayopepesa, na saa tisa usiku kwenye ukimya ungesikia mlio. Zuhura, ile nyota kubwa ya alfajiri inayodanganya watu wengi sana, haikimbii kabisa. Kinachobaki ni vimondo, na kwa bahati nzuri vinaonekana zaidi baada ya usiku wa manane kuliko jioni, kwa sababu wakati huo upande wetu wa dunia ndo umeelekea mbele kule dunia inakokwenda, tunavikuta usoni. Mimi ningeweka dau langu kwa kimondo. Lakini dau ni dau, na kitabu cha matukio ni kitabu cha matukio.

Ila umeniangusha hapo kwenye "haikufika hata dakika". Sekunde mbili haifiki dakika, na sekunde hamsini haifiki dakika! Kimondo cha kawaida ni sekunde moja, mbili, kikizidi sana chache zaidi. Kama wako ulichukua sekunde hamsini dau langu nalirudisha mfukoni. Siku nyingine hesabu moja, mbili, tatu kimoyomoyo na uandike ulipofika.

Kuhusu UFO, kijana wa geti hajakosea kihivyo, kakosea maana. Hizo herufi ni za Kiingereza na zinasema tu kitu kinachoruka ambacho hakijatambuliwa, hazisemi wageni wa sayari nyingine, hizo ni nyongeza za watu. Na hapa Kiswahili kina utamu wake, angalia: kisichotambulika ni kile ambacho hata ukijaribu hakiwezi kutambuliwa, hiyo -ik- ndo inafunga mlango. Kisichotambuliwa, hakuna anayekitambua, basi. Ambacho hakijatambuliwa, hiyo -ja- inakwambia kazi bado inaendelea, huenda kesho kikajulikana. Kwa ripoti ya askari mimi nachagua hakijatambuliwa, na redio zetu zinazopenda kusema "kitu kisichojulikana" kila wiki nazo zijifunze. Hata Wamarekani juzijuzi wameacha UFO kwenye ripoti zao wanasema UAP, wametoa neno kitu wakaweka neno la jambo linaloonekana, kwa sababu ileile, mwanga unaweza usiwe kitu.

Na ukitaka kuona neno linavyoweza kuharibu uchunguzi, mwaka 1947 huko Marekani rubani mmoja, Kenneth Arnold, aliona vitu tisa vinapita kasi karibu na Mlima Rainier, akasema vilikuwa vinaenda kama kisahani ukikirusha kiruke juu ya maji. Alikuwa anaeleza mwendo. Magazeti yakachukua kisahani yakaweka kwenye umbo, na tangu hapo dunia nzima ikaanza kuona visahani.

Turudi kwenye sentensi yako, kuna sehemu mbili bado. "Juu ya stoo" kwa Kiswahili inaweza kuwa kwenye bati lenyewe au huko angani, na supavaiza akisoma bati atataka kujua ulipanda kuangalia au hukupanda. Tena huwezi kujua kilikuwa juu ya stoo yako, kama ni kimondo huenda kilikuwa juu ya wilaya nyingine kabisa. Andika upande ulikotokea na ulikoelekea, hiyo ndo unayo. Hata kilianguka usiandike kama hukuona kinafika chini, mtu anaona mwanga unashuka nyuma ya miti anasema umeanguka shambani kwa fulani, asubuhi wanakanyagiana mahindi bure. Ya pili ni akatoweka. Kutoweka kuna mshangao ndani yake, kunafaa hadithi na wanga wako. Mwanga unafifia ukipungua polepole, unazimika ukikatika mara moja, na tofauti hiyo mchunguzi anaihitaji.

Kwa hiyo ungeandika hivi: "Saa tisa usiku niliona mwanga mweupe ukipita angani kwa kasi, ukitokea upande wa ziwa ukielekea upande wa Njeru, kwa muda wa sekunde tatu hivi, kisha ukazimika. Sikusikia mlio. Haujatambuliwa ulikuwa wa nini." Hiyo rangi, pande na sekunde nimeweka zangu, weka zako. Na saa, kama kampuni yenu inataka ya simu andika 3:00 usiku na useme ni ya simu, maana wengine wakiona tatu usiku watajua ni ile ya chakula cha jioni.