Ukiota Umekuwa Mnyama na Sauti Haitoki

Dada mmoja anayenisoma tangu siku za mwanzo ameniandikia wiki hii. Anasema huota amegeuka mnyama, na mnyama mwenyewe hatulii: anaanza akiwa paka, akiruka ukuta anakuwa ndege, akitua ana kwato. "Kukimbia nakimbia, kunusa nanusa, hata angani nafika," anasema. "Ila nikifungua mdomo hakitoki kitu. Naamka koo limekauka na nina hasira za bure. Wewe ulifanyaje?"

Umeuliza penyewe, dada yangu. Tena ujumbe wako umenikuta katika wiki njema. Hadithi yangu ya mnyama kigeugeu, ile niliyoitoa moja kwa moja ndotoni, imechaguliwa kufungua onyesho la wasimulizi. Aliyeichagua alisema jambo moja tu juu yake: kwamba sauti ya yule mnyama hajawahi kuisikia popote. Sentensi hiyo nimeisoma kupita kiasi, na leo usiku nitaisoma tena. Kwa hiyo nikijisifu kidogo humu mnivumilie, nimeingoja sana.

Najua wengi wenu mnataka ninachokitaka mimi: kuota ndoto yenye uhai, kuamka nayo nzima, na kuisimulia mpaka watu wasahau simu zao. Basi tuanze na ndoto.

Yangu ilinifuata kwa miaka. Mara nyingi nilianza nikiwa fisi. Najua, fisi hana jina zuri kwenye hadithi zetu. Ni mlafi, ni mjinga, anamfuata mtu njia nzima akingoja mkono udondoke. Lakini ingia ndani ya mwili wake uone. Mabega yako juu, kiuno kiko chini, hivyo hata kwenye tambarare unajihisi unapanda. Harufu zinakuja kwa matabaka: karibu na ardhi ni mbichi, za usiku huu, juu yake zimekauka, za jana. Kwa harufu hizo nilijua nani amepita, na nilijua kwamba mmoja wetu hayupo. Hapo ndipo ndoto iliponikaba. Lazima nimwite. Natanua taya, meno yote yanapigwa na baridi ya usiku, na kinachotoka ni hewa tupu. Nikizidi kulazimisha, mwili unachoka kuwa fisi. Unaota mabawa, au unabaki kiumbe kisichoeleweka, na yule aliyepotea anabaki amepotea.

Miaka ya katikati naiacha, haina cha kusimulia. Naota, nashindwa, naamka.

Kilichobadilisha mambo ni kwamba nilianza kuwasikiliza fisi wenyewe, rekodi baada ya rekodi, mchana kweupe. Niligundua kwamba sauti niliyokuwa naitafuta haikuwa ya fisi anayeita mwenzake hata kidogo. Nilikuwa natafuta kile "kicheko" ambacho kila anayemwigiza fisi hukikimbilia. Kicheko hicho fisi madoa hukitoa zaidi akiwa amebanwa au amepandwa na msisimko, na hakihusiani na furaha. Mwito wake wa kuitana ni kitu kingine kabisa. Ni mrefu, unaanza chini, unapanda mwishoni, na unaweza kusikika hadi kilomita 5. Na anapoutoa, mara nyingi huinamisha kichwa karibu na ardhi. Hilo ndilo lililonifanya nisimamishe rekodi na kukaa kitako. Mimi ndotoni nilikuwa nainua uso juu, kama mtu anayemwita jirani ng'ambo ya ukuta.

Usiku mmoja baada ya hapo, ndoto ilipofika pale pa kukaba, niliinama. Sikuamua, mwili uliinama wenyewe mpaka pua ikagusa majani. Mbavu zikafunguka. Sikutafuta jina la mtu wala neno lolote, niliachia pumzi tu. Ikatoka nzito, niliisikia kwenye mbavu kabla ya masikio, ikapanda, ikakatika juu. Kimya. Kisha, mbali sana upande wa kushoto, ikajibiwa.

Nilidhani nimemaliza. Mwili ukaanza kugeuka, mikono ikawa miepesi, nikaingiwa na hofu kwamba sauti itabaki pale chini pamoja na manyoya ya fisi. Haikubaki. Ilihama kooni ikashuka kifuani, ikawa nyembamba, tena zikawa mbili kwa pamoja, na zote mbili zangu.

Nilipoamka nilienda kusoma, maana mimi siachi jambo likae hivihivi. Kumbe kiungo cha sauti cha ndege kweli kiko chini, pale bomba la pumzi linapogawanyika kwenda kwenye mapafu mawili, na wapo ndege wanaoweza kutoa sauti mbili kwa wakati mmoja. Sisemi ndoto ilinifundisha elimu ya viumbe. Huenda niliwahi kulisikia hilo mahali nikalisahau. Lakini mwili wangu uliokuwa umelala ulilikumbuka, na nadhani ulilikumbuka kwa sababu kwa mara ya kwanza niliuacha ufanye kazi yake.

Kwa nini sauti inagoma? Wapo watakaokwambia jinamizi limekukalia kifuani. Sina ugomvi na imani ya mtu, ila mwili nao una maelezo yake. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza hatua ya usingizi ambayo macho huchezacheza chini ya kope, hatua ambayo ndoto nyingi zilizo wazi hutokea humo. Baadaye ikajulikana kwamba katika hatua hiyo ubongo huilegeza karibu misuli yote, ndiyo maana unakimbia ndotoni bila kumpiga teke uliyelala naye. Vinavyobaki huru ni macho, na ule msuli mkubwa ulio chini ya mapafu unaovuta pumzi. Wakati mwingine mtu huzinduka kabla misuli haijarudishiwa nguvu, anaona chumba, anataka kupiga kelele, hawezi. Huyo ndiye jinamizi wetu.

Mwaka 2021 watafiti wa Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi walichapisha majaribio ambayo yaliniacha mdomo wazi. Waliwauliza watu maswali mepesi wakiwa ndani ya ndoto, mfano nane ukitoa sita unabaki na ngapi, na baadhi wakajibu bila kuamka. Walijibu kwa macho, na wengine kwa kukaza misuli ya uso. Hawakujibu kwa maneno. Walipita pale palipokuwa wazi.

Sasa fikra yangu, na hii ni yangu, maabara isilaumiwe: ukiwa mnyama ndotoni usigombane na ulimi na midomo ya mtu, huna. Una pumzi. Maneno ni ya ulimi, lakini mwito, ngurumo, mkoromo, vyote mzazi wake ni pumzi. Ndiyo maana sauti ya mnyama inawezekana pale ambapo neno haliwezekani. Na kwa mnyama anayebadilika umbo ndiyo zaidi. Kwato zitakuja na kuondoka, mabawa yatakuja na kuondoka, pumzi inaendelea ileile. Ukiishika hiyo, mabadiliko hayakunyang'anyi kitu.

Kuna hadithi ya kale ya Wagiriki ya Io, msichana aliyegeuzwa ng'ombe. Ovidius, mshairi wa Kirumi, anasimulia kwamba Io alifungua mdomo alalamike, ukatoka mlio wa ng'ombe, akaiogopa sauti yake mwenyewe. Mwishowe analichora jina lake mavumbini kwa kwato ili baba yake amtambue. Watu humhurumia kwa kukosa sauti. Mimi namsoma tofauti. Sauti alikuwa nayo, nene, ya kujaza bonde. Aliikataa kwa sababu haikuwa ile aliyoizoea.

Haya, mnataka hatua. Mchague mnyama mmoja kati ya wale unaogeuka, anayekujia mara nyingi. Msikilize mchana, rekodi ya kweli, si katuni. Mwangalie anavyokaa anapotoa sauti: kichwa kiko wapi, tumbo linaingia au linatoka. Kisha kaa hivyo wewe, na uitoe. Kosea, rudia. Duma, kwa mfano, hawezi kunguruma kwa namna ya simba hata umlipe. Sauti yake ya kuitana ni mlio mwembamba ambao ungesema ni wa ndege. Ukiota wewe ni duma na unalazimisha ngurumo, utaamka na koo kavu maisha yako yote.

Usiku, kabla usingizi haujakuchukua, pitisha ile sauti kichwani pamoja na mkao wake. Si neno "nitapata sauti", sauti yenyewe. Ndoto ndefu nyingi huja kuelekea alfajiri, kwa hiyo anayelala saa tatu za kuungaunga asije kunilalamikia. Lala ya kutosha. Ukiamka usijitikise, usishike simu, usifungue macho kama unaweza. Ibaki miguu ilipo, ndoto hukimbia mwili unapogeuka upande. Kisha andika, na uanze na sauti kabla ya kisa. Kisa kitakungoja. Sauti haikungoji. Na mchana unaofuata msikilize tena yule mnyama. Ndiyo, ni kulekule, kusikiliza. Mtaniona najirudia, lakini asilimia kubwa ya barua ninazopata ni za watu walioruka hatua hii.

Neno moja la tahadhari. Kama unapiga kelele za kweli usingizini, unarusha ngumi, unamuumiza mwenzako, hiyo si ndoto nzuri iliyofanikiwa. Huenda ile misuli hailegezwi inavyotakiwa. Nenda kwa daktari, achana na makala zangu kwa muda.

Sasa niseme lililo moyoni, maana limekaa sana. Zamani nilipeleka hadithi ya wanyama mbele ya mtu aliyekuwa na kauli juu ya nani apande jukwaani. Alinisikiliza nusu, akaniambia mbele ya wenzangu kwamba nina sauti ya kuazima, na kwamba mtu mzima anayesimulia ndoto za kuwa fisi anapaswa kutafuta kazi. Wenzangu walicheka. Wawili kati yao wanasoma hapa, na wanajijua. Sikujibu kitu. Nilirudi nikaendelea kuota, na kwa miaka ile yote ya ukimya ndotoni, naamini kicheko chao kilikuwa kimekaa mlangoni mwa koo langu. Hadithi iliyochaguliwa wiki hii ni ileile. Nimebadilisha sauti ya mnyama tu.

Kwa hiyo wewe unayesoma na kusema "mimi si msanii, ndoto zangu ni upuuzi", acha. Nani alikupa kazi ya kujidharau? Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama kwenyewe ndiko kunakowashinda watu. Wanataka kuunguruma kabla ya kusikiliza, wanataka jukwaa kabla ya mazoezi, wanataka kuwa simba wote, fisi asipatikane. Vijana hasa. Mnapakua programu ya kubadilisha sauti, mnabonyeza kitufe, mnasema mmepata mnyama. Mmepata kitufe. Mnyama anataka mbavu zako, anataka uonekane mjinga chumbani kwako ukiwa peke yako umeinamisha kichwa sakafuni. Asiyekubali kuonekana mjinga hata na kuta zake, nimsaidieje?

Nimepandisha kidogo, nishuke.

Dada yangu aliongeza swali mwishoni, na naona ndilo linalomsumbua kuliko yote: anaishi na watu, chumba ni cha pamoja, atalia vipi bila kuitiwa msaada? Usianze na mwito wowote wa mbali. Anza na mkoromo wa paka anapopapaswa. Ni wa chini, hausikiki chumba cha pili, na una faida ambayo wengi hawaijui: paka hukoroma akivuta pumzi na akiitoa pia, haukatiki katikati. Lala chali, mkono mmoja tumboni, midomo imefungwa, ujaribu kuuendeleza pande zote mbili za pumzi. Kwenye kuvuta utashindwa mwanzoni, itakuwa mikwaruzo tu. Endelea mpaka tumbo lenyewe litetemeke chini ya kiganja. Ndege na wenye kwato tutawafikia baadaye. Na wenzako wakiuliza, waambie unafanya mazoezi ya pumzi. Hutakuwa umewadanganya.