Maswali na Majibu: Matembezi ya Siku Moja ya Familia Kaunti ya Shropshire

Tangu shule zikaribie kufungwa, maswali kuhusu Shropshire yamekuwa mengi, hasa kutoka kwa Waswahili wenzetu wanaoishi Birmingham, Leicester na Coventry. Kaunti hii imepakana na Wales, imejaa mashamba na vilima, na haina hata jiji moja. Mji wake mkuu, Shrewsbury, hadi leo ni mji tu. Nimechagua maswali saba.

Mimi ni baba wa watoto watatu, wa miaka 6, 9 na 11. Hatujawahi kwenda Shropshire. Siku ya kwanza tuanzie wapi?

Anzieni Ironbridge, mji unaoitwa kwa jina la daraja lake la chuma, na humo mwanze na jumba la makumbusho la wazi la Blists Hill. Hapo pamejengwa mji mdogo wa namna ya mwaka 1900 hivi, wenye duka la dawa, mtengeneza mishumaa, kiwanda cha chuma na nguruwe zizini, na wafanyakazi wake huvaa na kuzungumza kama watu wa zama hizo. Msipite benki bila kuingia. Huko mtatoa pauni za leo na kupewa sarafu za zamani za kununulia peremende na mikate, na mtoto wa miaka 9 atalazimika kujua kwamba peni 12 zilifanya shilingi na shilingi 20 zilifanya pauni. Kwa watoto wetu hilo lina ladha yake: neno shilingi, ambalo Waingereza waliacha kulitumia katika fedha zao mwaka 1971, wao wanalisikia kila babu yao anapopiga simu kutoka Mombasa au Morogoro.

Mchana ukishapinda, nendeni kwenye daraja lenyewe, mwendo mfupi kwa gari. Kulivuka ni bure. Lilisimamishwa mwaka 1779 na kufunguliwa kwa wapitaji siku ya kwanza ya mwaka 1781, nalo ndilo daraja kubwa la kwanza duniani kujengwa kwa chuma. Wasimamisheni watoto chini yake, waangalie jinsi vyuma vilivyoungwa. Kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyewahi kujenga kwa chuma kitu cha ukubwa huo, mafundi waliazima maarifa ya maseremala, wakatumia ulimi unaoingia kwenye tundu na kabari za kukazia, sawasawa na fremu ya mlango wa mbao. Upande wa pili wa mto kiko kibanda cha ushuru chenye ubao wa viwango, unaotangaza kwamba hata askari na watu wa ukoo wa kifalme hawakusamehewa malipo. Watoto hulipenda sana hilo, sijui kwa nini; labda ni kwa sababu wao huamini kwamba kila mkubwa husamehewa.

Sina gari, na nina watoto wawili. Kutoka Leicester inawezekana kwenda na kurudi siku hiyo hiyo?

Inawezekana, dada, ila ondokeni mapema. Mtabadilisha treni Birmingham, kisha mtapanda inayoelekea Shrewsbury. Katika njia hiyo kuna kituo cha Cosford, na kutoka kituoni mtatembea kwa miguu hadi jumba la makumbusho la jeshi la anga la Uingereza. Kiingilio ni bure. Wenye magari hulipia maegesho, kwa hiyo safari hii moja asiye na gari ndiye aliyepata nafuu. Humo zimo kwa pamoja ndege tatu za mabomu za enzi ya Vita Baridi, Vulcan, Victor na Valiant, na hakuna mahali pengine duniani utakapoziona zote tatu zimehifadhiwa pamoja. Maonyesho mengi yako ndani ya majumba makubwa, kwa hiyo hapa ndipo pa kukimbilia siku ya mvua, nayo mvua ya Shropshire haingoji msimu.

Siku ya jua, endeleeni hadi Shrewsbury, mbadilishe treni hapo mwende Church Stretton, halafu mpande kwa miguu hadi bonde la Carding Mill. Kijito chake ni cha maji ya magotini, na watoto hushinda humo wakipanga mawe kuziba maji. Maji ni baridi hata mwezi Julai. Bebeni soksi za kubadilisha, si jozi moja kwa kila mtoto, bali mbili.

Kuhusu nauli, nunueni kadi ya punguzo ya familia na marafiki. Hupunguza theluthi moja ya nauli ya mtu mzima na asilimia 60 ya nauli ya mtoto wa miaka 5 hadi 15, na kwa safari ndefu mara nyingi hurudisha gharama yake baada ya kutumika mara chache tu. Wa chini ya miaka 5 hawalipi.

Mama mkwe amekuja kututembelea kutoka Tanga. Magoti yanamsumbua, na hataki kuachwa nyumbani. Tumpeleke wapi?

Mpandisheni treni ya mvuke ya bonde la mto Severn. Njia yake ina urefu wa maili 16, kutoka Kidderminster, ambayo iko kaunti jirani ya Worcestershire, hadi Bridgnorth, na kazi yote ya kutembea inafanywa na treni. Mama ataketi dirishani, mto utapita chini yake, na mara baada ya kuondoka Kidderminster njia inapita kando ya bustani ya wanyama, ambapo abiria akibahatika huona tembo. Najua mtacheka: mtu atoke Tanga aje kutazama tembo Uingereza! Mama yangu mzazi, aliyekulia pwani na hakuwahi kufika mbuga yoyote, aliwaona kwa mara ya kwanza katika dirisha hilo, akanishika mkono hadi treni ilipoingia kituo kilichofuata.

Kabla ya kukata tiketi, waelezeni kwamba mna mzee mwenye shida ya kupanda ngazi, kwa sababu mabehewa mengi ni ya zamani na milango yake iko juu. Angalieni pia ratiba, maana treni hizi haziendeshwi kila siku.

Bridgnorth umegawanyika katika mji wa juu na mji wa chini, na tangu mwaka 1892 pana vibehewa viwili vinavyopanda na kushuka jabali kwa kuvutana. Katika bustani ya juu kuna kipande cha ngome kilichobomolewa kwa baruti wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 17, nacho kimeinama kwa nyuzi 15 hivi, kuupita kwa mbali mnara wa Pisa. Palipo na benchi, mama atapumzika hapo huku wajukuu wakijifanya wanakizuia kisianguke.

Sisi ni Waislamu. Je, chakula na swala tutafanyaje?

Chakula bebeni. Sehemu nyingi za kihistoria zina nyasi na meza ambapo wageni huruhusiwa kula chakula chao, na pilau iliyotiwa kwenye chombo cha kuhifadhi moto asubuhi bado huwa na uvuguvugu saa saba mchana. Mkinunua, jihadharini na mambo mawili. Pai maarufu ya kaunti hii, iitwayo fidget pie, hutiwa nyama ya nguruwe pamoja na matofaa na vitunguu, na kwa nje haina dalili yoyote. Vilevile chipsi za mtindo wa kale hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, hivyo ulizeni kabla ya kuagiza, na hata pale Blists Hill msione haya kuuliza.

Misikiti iko Telford, hasa upande wa Wellington. Vijijini msitegemee kuipata. Wengi wetu hutandika mswala pembeni ya bustani, na sijawahi kuona aliyekatazwa. Mkienda Desemba kumbukeni kwamba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo adhuhuri na alasiri hukaribiana sana.

Kijana wangu wa miaka 15 anasema majumba ya kale yanamchosha. Anapenda riadha tu.

Mpeleke Much Wenlock. Mwaka 1850 daktari wa mji huo, William Penny Brookes, alianzisha michezo aliyoipa jina la Olimpiki, na mwaka 1890 Baron Pierre de Coubertin, Mfaransa aliyeasisi Michezo ya Olimpiki ya kisasa, alikuja kuitazama, miaka 6 kabla ya Michezo hiyo kufanyika kwa mara ya kwanza Athens. London ilipoandaa michezo hiyo mwaka 2012, kikaragosi chake kimoja kiliitwa Wenlock. Alama za shaba zilizotiwa katika njia za mji zitamwongoza. Akitoka hapo na kusema bado amechoshwa, mpandishe kilima cha Wrekin, chenye mita 407, naye atanyamaza.

Je, inafaa kulipia uanachama wa mwaka?

Inategemea mtatoka mara ngapi. Uanachama wa English Heritage, shirika linalotunza majengo ya kale, humruhusu mzazi kuingia na watoto wake bila kuwalipia, na katika Shropshire utawafikisha kasri ya Stokesay, magofu ya mji wa Kirumi ya Wroxeter na nyumba ya Boscobel, ambako mwaka 1651 Mfalme Charles wa Pili alijificha juu ya mwaloni akikimbia maadui. Mkitoka mara moja tu kwa mwaka, lipeni mlangoni. National Trust ni shirika jingine, lenye maeneo yake, kama jumba la Attingham na kulungu wake, na kadi ya huku haifungui mlango wa kule. Wengi hugundua hilo wakiwa wamekwisha kupanga foleni.

Tunaweza kuona sehemu tatu kwa siku moja?

Nilijaribu. Ramani ilionyesha maili chache, lakini barabara za huko ni nyembamba, zimezibwa na ua wa miti pande zote mbili, na tuliendesha nyuma ya trekta kwa muda usiopungua nusu saa. Sehemu ya pili tuliifikia saa nane na nusu, tukaambiwa na mgahawa mmoja kwamba jiko limefungwa. Ya tatu tulikuta lango linateremshwa. Watoto walikula biskuti garini, na mdogo akatapika kwenye kona.

Mwezi uliofuata tulikwenda Stokesay peke yake, tukafika saa nne asubuhi. Mwanangu alikaa muda mrefu langoni akimtafuta Adamu na Hawa waliochongwa katika mbao, kisha akapanda ngazi za ukumbi mkubwa, ambazo ni magogo ya tangu karne ya 13, akashuka, akapanda tena kuhakikisha hesabu yake. Tulikuwa tumefika nyumbani kabla ya magharibi.