Kaskazi ya Huku Haileti Majahazi

Nimekulia Tanga, kwa hiyo kaskazi kwangu ni upepo wa msimu wa embe, ule uliokuwa ukileta majahazi kutoka Arabuni. Sasa naishi Lynn, mji wa pwani jirani na Boston, na huku upepo wa kaskazini mashariki ukivuma wakati wa baridi, watu wanatafuta makoleo. Dhoruba yenyewe ya theluji wameipa jina la upepo huo: nor'easter.

Ikitangazwa tu, simu zinaanza: "Inchi ngapi?" Ndugu zangu, ulizeni kwanza inapita wapi. Baridi kavu ya Canada inakutana na joto la bahari, dhoruba inazaliwa na kupanda na pwani huku ikizunguka kinyume cha saa. Watabiri wa huku wanaangalia sehemu moja baharini, kusini ya kisiwa cha Nantucket, nyuzi 40 kaskazini na 70 magharibi. Kitovu kikipita hapo, tunafukiwa. Kikisogea karibu na nchi kavu, hewa ya bahari inatugeuzia theluji kuwa mvua, na wanaofukiwa ni wenzetu wa Worcester, mji wa bara. Kikienda mbali, mmefunga shule bure. Ndiyo maana inchi zinazotajwa siku tano kabla mimi sizisikilizi.

Dhoruba ya tarehe 29 Januari 2022 ilipita karibu na hapo. Boston walipima inchi 23.6, karibu sentimita 60. Mimi nikajifanya mjanja: nisubiri iishe nifukue mara moja. Kosa. Fukua kila inapofika kifundo cha mguu, maana ikilundikana ni nzito kama mchanga wa mtoni, na kila mwaka kuna wanaoangushwa na moyo koleo likiwa mkononi.

Kosa kubwa lilikuja baadaye. Niliingia garini kuota joto, injini inaunguruma, ekzosi imezibwa na theluji. Kichwa kikaanza kuuma nikadhani ni baridi. Mzee jirani alinigongea kioo kwa fimbo akinifokea nitoke. Ile ni hewa ya sumu isiyo na harufu. Safisha ekzosi kabla ya kuwasha, na bomba la hita linalotokea ukutani vilevile.

Kwa sababu hiyohiyo, umeme ukikatika usithubutu kuingiza jiko la mkaa ndani. Najua kwetu wapo waliozoea. Nyumba za huku zimezibwa kila upenyo. Jifunikeni mablanketi chumba kimoja, chai iwe kwenye chupa tangu jioni.

Gari lihamishe kabla ya usiku kama mji umekataza kuegesha barabarani. Langu liliwahi kuvutwa, na faini ilizidi bei ya koti langu la baridi.

Koleo nalo lilale ndani ya nyumba. Mwaka ule langu lilikuwa kwenye buti, gari liko chini ya theluji, nikaanza kulifukua kwa sufuria ya pilau.