Kudai fungu la bahati nasibu kwa sanaa na michezo: anzia kwenye kifungu cha sheria

Wageni wengi wa kampeni hizi hukimbilia mabango na mastaa. Tafuta kwanza sheria ya bahati nasibu, uisome mpaka ufike kifungu cha mgawanyo, kisha ujiulize: hiyo asilimia ni ya nini? Ya mauzo yote ya tiketi, au ya kilichobaki baada ya wengine kuchukua chao?

Chukua Uingereza, ambako Bahati Nasibu ya Taifa ilianzishwa kwa sheria ya 1993 na kuchezeshwa mara ya kwanza Novemba 1994. Chini ya leseni ya kwanza, kila pauni ya tiketi iligawanywa takriban hivi: peni 50 kwa washindi, 12 kodi, 5 kwa muuza duka, 5 kwa mwendeshaji na 28 kwa manufaa ya jamii. Sanaa ilipewa asilimia 20, lakini ya zile 28, yaani peni 5.6. Michezo vivyo hivyo. Ukipiga hesabu juu ya mauzo yote, umejiahidi zaidi ya mara tatu ya utakachopata. Weka hesabu sahihi mwanzoni mwa waraka wako. Watu wa Hazina wataipiga hata usipoipiga wewe.

Halafu pigania neno "nyongeza", yaani pesa za tiketi ziongezwe juu ya bajeti ya kawaida ya serikali. Hazina ikishaona pesa za tiketi zinaingia, huanza kuibana bajeti ya utamaduni kidogo kidogo, na baada ya miaka michache mko palepale. Kuandika tu kwamba fedha hizi hazitachukua nafasi ya bajeti hakusaidii, maana hakuna wa kuthibitisha. Taja mwaka wa msingi, na umtake waziri alieleze bunge kila matumizi ya serikali yanaposhuka chini ya kiwango cha mwaka huo.

Angalia pia nani anaweza kubadili mgawanyo, na kwa njia gani. Mwaka 1998 mafungu ya sanaa na michezo Uingereza yalishushwa kutoka asilimia 20 hadi 16.7 ili kupisha mfuko mpya wa afya, elimu na mazingira. Yalirudi 20 mwaka 2012. Mwaka 2007 serikali ilitangaza kuchota pauni milioni 675 zaidi kutoka chungu hichohicho kwa ajili ya Olimpiki ya London. Hakuna aliyeiba, yote yalipita kihalali. Ndiyo maana ni heri kudai kwamba badiliko lolote lipigiwe kura bungeni, lisiishie kwenye saini ya waziri.

Kosa la gharama kubwa zaidi ni kuomba majengo peke yake. Mwanzoni Waingereza walitoa pesa za ujenzi tu kwa sehemu kubwa. Kituo cha muziki wa kisasa kule Sheffield, kilichopata kama pauni milioni 11 za bahati nasibu, kilifunguliwa Machi 1999, wageni wakawa wachache mno, na mwaka 2000 kikafungwa. Kifungu kiruhusu mishahara ya makocha, posho za wasanii, umeme na matengenezo. Fedha za bahati nasibu zilipoanza kuwafikia wanamichezo wenyewe 1997, Uingereza ilitoka dhahabu 1 Atlanta 1996 hadi 11 Sydney 2000. Watu wa michezo watazitumia namba hizi kila mahali, na wana haki; sanaa haina medali, basi msiiache hoja nzima ining'inie hapo.

Kwa hiyo kambi hizo mbili, ya sanaa na ya michezo, zikubaliane mgawanyo kwa maandishi kabla ya kumwona mbunge hata mmoja. Wakianza kuvutana mbele ya kamati, wabunge watapata kisingizio cha kuahirisha. Mpe kila mbunge ukurasa mmoja kuhusu jimbo lake, na mfike kabla zabuni ya leseni haijatangazwa, kwa sababu mwendeshaji akishapanga bei zake ni vigumu kumwongezea mzigo.

Mtaambiwa kwamba maskini hununua tiketi ili matajiri waende opera. Msikatae haraka. Jumba la opera la Covent Garden lilipopewa pauni milioni 78.5 mwaka 1995, magazeti yaliwaka. Jibu linalosimama ni kuandika ndani ya mapendekezo fungu la ruzuku ndogo lenye fomu fupi, na orodha ya wapokeaji itangazwe mkoa kwa mkoa.